Mtaalamu Asiye na Mwembe wala Ng'ombe

Simu ilinikuta nikianika mpunga uani kwangu kijijini Ngao, mikono yote miwili imejaa makapi. Afisa wa kaunti akaniambia, "Hongera, Mwalimu. Umeteuliwa kuwa kwenye jopo."

Nilikuwa na miaka mitatu tangu nistaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, na jopo nililolijua mimi ni lile la kuamua kwaya gani isonge mbele na ipi irudi nyumbani ikilia. Nikamuuliza, "Kwaya za umri gani?"

"Si kwaya, Mwalimu. Ni bodi ya kiwanda."

Kiwanda chenyewe kilikuwa nje kidogo ya mji wa Garsen, mali ya umma. Kilipokuwa bado kwenye karatasi, wafugaji walisema wanataka kiwanda cha maziwa, na sisi wakulima wa mtoni tukasema tunataka cha maembe. Mikutano ikafanyika hadi mkubwa aliyetumwa kutusikiliza akachoka, akaandika vyote viwili. Basi tukajengewa jengo moja lenye ukuta katikati, upande huu maziwa, upande huu maembe, na ukuta wenyewe haukufika darini. Bodi nayo ikajengwa hivyo hivyo. Wenye ng'ombe walikataa mashine ya kukamua maembe, wenye miembe wakakataa tangi la kupoza maziwa, na tangi lilipokuja hata hivyo, hawakukubali liunganishwe umeme. Jambo moja tu lilipitishwa kila mkutano bila kupingwa, nalo ni pilau.

Ndipo ukaja waraka kutoka juu: kila bodi ya kampuni ya umma iwe na wataalamu huru. Mtaalamu huru, waraka ulieleza, ni mtu mwenye ujuzi, asiyeiuzia kampuni kitu, asiye na jamaa kwenye uongozi wake, na asiyetumwa na mwanasiasa yeyote. Sisi tungeanza na kiti kimoja. Jopo la watu watatu litangaze nafasi, lihoji watu, lipeleke jina moja.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza yule afisa.

"Kwa sababu umefunza watoto wa pande zote, na hujawahi kugombea kiti."

Nilikubali upesi kuliko inavyompasa mjane wa heshima. Mtu akishastaafu, hakuna anayemuuliza maoni yake isipokuwa kuhusu chumvi.

Tulikutana mara ya kwanza kwenye ukumbi mdogo wa kukodi mjini Garsen, wenye feni iliyozunguka ilipojisikia. Mwenyekiti wetu alikuwa chifu mstaafu, Muorma wa huko malishoni, mrefu, aliyelaza fimbo yake mezani kama wengine wanavyolaza kalamu. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia njiani. Ngeli zake zilitembea bila mchungaji, na mimi, kwa mazoea ya miaka mingi, nilizirudisha zizini kimoyomoyo kila alipofungua kinywa. Wa tatu alikuwa wakili, binti wa Mombasa ambaye hakuwa amefika miaka thelathini na mitano. Alikuja na nakala tatu za kila kitu, na aliamini kwamba kikishaandikwa, kitafanyika.

Kabla ya lolote alitugawia fomu. "Hii ni ya kutangaza maslahi," akasema. "Kila mmoja aandike kama ana uhusiano wowote na kampuni."

Chifu akaishika karatasi mbali na uso. "Binti yangu, hii karatasi nauliza mimi kitu gani?"

"Inauliza, Mzee, kama unaiuzia kampuni maziwa."

"Mimi hapana uza. Mke yangu nauza. Ndugu yangu nauza. Watoto ya ndugu yangu nauza."

Wakili akaandika. Kisha akanigeukia. Nikamwambia nina miembe michache, na ndugu zangu wana mingi, na msimamizi wa upande wa maembe ni mtoto wa binamu yangu, ingawa hatusalimiani tangu mazishi fulani.

"Hamsalimiani?" akauliza kwa matumaini. "Basi huo si uhusiano."

"Huo ndio uhusiano wenyewe," nikamjibu.

Chifu alicheka hadi fimbo ikaanguka. Kisha akamuuliza wakili, "Na wewe? Ng'ombe?"

"Sina."

"Mwembe?"

"Naishi ghorofani, Mzee."

"Jamaa hapa Garsen?"

"Sina hata mmoja."

Chifu akamtazama kwa huruma ya kweli, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa. "Pole sana," akasema. "Basi wewe peke yako iko huru."

Tulitangaza nafasi, maombi yakaja kwa wingi, na baada ya kuchuja tukabaki na watu sita. Jioni moja, siku chache kabla ya mahojiano, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja nyumbani na kambare mkubwa aliyemfunga kwa ukili. Shemeji alikuwa miongoni mwa wale sita. Aliwahi kuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, na kwenye maombi yake alijiita mtaalamu wa minyororo ya ugavi.

"Shemeji," akasema, "nimeleta samaki tu. Usije ukafikiri vingine."

"Mbona hujaniletea samaki tangu mwaka juzi?"

"Mto ulikuwa mbaya."

Nilisimama mlangoni nikimwangalia yule samaki, naye akiniangalia. Kumrudisha kambare wa shemeji ni kuvunja nyumba ya marehemu. Kumpokea ni kuvunja waraka. Nikampokea, nikampika kwa nazi, nikamla kwa siku mbili bila raha kubwa, maana kila kipande kilikuwa na sura ya yule wakili.

Asubuhi ya mahojiano niliomba fomu nyingine. Nikaandika ukweli, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Wakili akaisoma kwa sauti ili iingie kwenye kumbukumbu: "Zawadi iliyopokewa: kambare mmoja. Kutoka kwa: mwombaji, shemeji. Hali ya zawadi kwa sasa..." Akasita. "Mwalimu, hapa umeandika 'ameliwa'."

"Ndiyo."

"Kanuni inasema zawadi irudishwe."

"Haiwezekani tena, mwanangu."

Chifu alifunika uso kwa kilemba. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Ikaamuliwa kwamba shemeji akiingia, mimi nitatoka. Jambo hilo lilionekana dogo hadi mwombaji wa kwanza alipoingia, akaniona, akainamisha kichwa: "Shikamoo, Mwalimu."

Wakili akainua macho. "Mnafahamiana?"

"Nilimfunza darasa la nne."

"Basi tafadhali toka nje kidogo."

Nikatoka. Nje palikuwa na benchi moja tu, na waombaji wengine walikuwa wamelikalia. Wakanipisha, wakanimiminia chai kutoka kwenye chupa yao, wakaniuliza maswali ni magumu au la. Wakili alipofungua mlango akanikuta katikati yao na mahamri mkononi, akaniita ndani haraka, akaniandikia fomu ya tatu.

Wa pili alikuwa mpwa wa chifu, kwa hiyo chifu akatoka. Mpwa huyo alikuwa amevaa koti zito na tai katika joto la Garsen, na jasho lilimtiririka hadi kwenye karatasi zake. Wakili alimwomba atueleze kwa nini anajiona mtu huru.

"Mimi niko huru kabisa," akasema. "Sina kazi mwaka wa nne huu. Mkiniita saa yoyote, nakuja."

Wa tatu alikuwa tena mwanafunzi wangu, na mama yake ni jamaa ya mke wa chifu. Nikatoka mimi, akatoka chifu. Tukakaa bencheni pamoja, tukinyoosha miguu. Muda mfupi baadaye wakili akatokea mlangoni.

"Siwezi kumhoji peke yangu," akasema. "Lazima tuwe wawili."

"Basi ingia mmoja," akasema chifu. "Gani iko na damu kidogo?"

Tukaanza kuhesabu. Mimi nilimfunza miaka mitatu, lakini chifu alichinja mbuzi kwenye harusi ya wazazi wake. Nikasema mbuzi ni mzito kuliko hesabu za darasa la tano. Chifu akasema yule mbuzi alikuwa mdogo. Waombaji kwenye benchi wakaanza kutoa maoni. Wakili akapiga simu ofisini kuomba mwongozo, akasikiliza sana, akakata.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanasema tujaze fomu."

Mwishowe ni yeye aliyepata njia, na hapo nilianza kumheshimu. Alisema ikiwa kila mtu hapa ni wa kila mtu, basi kutoka nje hakutusaidii. Tukae wote ndani, kila mmoja aseme waziwazi anavyohusiana na mwombaji, na kila alama atakayotoa aiandikie sababu, ili yeyote aje kuisoma baadaye. Atakayeona aibu kuandika sababu yake, basi alama hiyo si halali. Kwa shemeji peke yake mimi nilibaki kwenye sheria ya kutoka, kwa sababu ya kambare.

Mwombaji wa nne alihojiwa kwa video. Alikuwa mtu wa Nairobi mwenye wasifu wa kurasa nyingi, mtaalamu wa maziwa, maembe, madini na michezo. Alipoanza kujibu swali la kwanza mtandao ukakatika, na uso wake ukaganda kwenye kioo cha kompyuta, mdomo wazi, kidole juu. Tulimsubiri. Feni ikasimama, ikaanza tena. Chifu alimtazama muda mrefu, kisha akaandika alama.

"Mzee, hajasema kitu!" wakili akalalamika.

"Ndiyo," akasema chifu. "Katika hii yote, yeye peke yake nasikiliza vizuri."

Na kwenye nafasi ya sababu aliandika hivyo hivyo. Mtandao haukurudi mchana ule.

Shemeji alikuwa wa tano. Nilikaa nje na benchi lote likawa langu. Sauti yake niliisikia kupitia dirishani, akieleza minyororo yake, na mara nikamsikia chifu akimuuliza, "Hii mnyororo nafunga nini?" Alitoka akiwa ameinua kidevu, akanipita bila kunitazama, kama mtu aliyefaulu.

Ilikuwa saa tisa alasiri na wa sita hajafika. Chifu alikuwa ameshachukua fimbo yake. Ndipo akaingia mwanamke wa makamo, mtandio na viatu vimejaa vumbi, akaomba radhi kwa Kiswahili kilichonyooka. Alitoka Madogo, mbali kule juu ya mto. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi bara, akikagua maziwa kwenye viwanda, na alirudi Madogo kumtunza mama yake aliyekuwa mgonjwa.

"Umechelewa sana," wakili akamwambia.

"Nilifika mjini tangu asubuhi," akasema. "Nilikwenda kukiona kiwanda kwanza. Siwezi kuomba kusimamia kitu ambacho sijakiona."

Tukatazamana. Katika waombaji wote, na katika jopo pia, hakuna mwingine aliyekuwa amefikiria kwenda kukiona.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Nimeona tangi la kupoza maziwa. Lina kuku."

"Kuku?"

"Mmoja analalia mayai. Mlinzi aliniomba nisimsumbue."

Wakili alikaza midomo asicheke, akarudi kwenye maswali yake. Je, ana ng'ombe? Hana. Mwembe? Hana. Jamaa kwenye uongozi? Hana, na kwa ukoo ule wa Madogo tuliopekua kwa nusu saa hatukupata hata mmoja. Je, anatumia bidhaa za kampuni?

"Hapana," akasema. "Mimi sinywi maziwa. Tumbo langu halipatani nayo tangu utotoni."

Nilimwona chifu akibadilika uso. Kwake yeye, mtu asiyekunywa maziwa ni kama asiyevuta pumzi. Akaegemea mbele. "Mama, wewe hapana kunywa maziwa. Sasa nahukumu maziwa namna gani?"

"Mzee, refa hachezi mpira."

"Refa iliwahi kucheza zamani."

"Basi nikuulize mimi," akasema yule mama, na sauti yake haikupanda. "Zamani maziwa ya kwenu yalibebwa kwa nini?"

"Kibuyu."

"Kibuyu kilifanywa nini kabla?"

"Nafukizwa na moshi. Kuni yake iko maalumu. Mama yangu alikuwa nafanya kila siku."

"Na siku hizi yanabebwa kwa nini?"

Chifu akarudi nyuma kwenye kiti. "Jerikeni," akasema.

"Nimeziona jerikeni asubuhi, zimepangwa getini. Nimezinusa moja moja. Mbili zilikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Moja ilikuwa na sabuni. Maziwa yanaharibika kabla hayajafika kiwandani, kisha wafugaji wanaambiwa maziwa yao ni mabaya. Maziwa yenu si mabaya, Mzee. Moshi wa mama yako uliua wadudu wengi kuliko hizo jerikeni. Hilo sihitaji kuyanywa ndipo nilijue."

Chifu aliitazama fimbo yake. Kisha akaanza kumuuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya wakili: kuhusu kuni, kuhusu joto, maziwa ya asubuhi na ya jioni yachanganywe au la. Walizungumza hadi wakili akafunga kompyuta. Mimi nikauliza swali moja tu la maembe, kwa kulinda heshima ya mtoni, na yule mama akanijibu kwamba maembe ya kwetu ni matamu lakini tunayaangusha kwa mawe. Ni kweli. Tunayaangusha kwa mawe.

Alama zilipojumlishwa alikuwa mbele kwa mbali. Kwenye nafasi ya sababu, chifu aliniomba nimwandikie, akanitamkia neno kwa neno: "Huyu mama hapana kunywa, lakini najua." Nilishika kalamu nikataka kuinyoosha sentensi ile. Nikaiacha kama ilivyo. Sijaona ripoti ya serikali yenye sentensi bora.

Siku tatu zilizofuata simu yangu haikupumzika. Mmoja alisema anapiga kwa niaba ya mheshimiwa, mwingine akasema anapiga kwa niaba ya huyo anayepiga kwa niaba ya mheshimiwa. Wote waliuliza kwa nini kiti kimeenda Madogo wakati Garsen kuna wasomi. Niliwajibu kwa sauti ya darasani, ile inayomfanya mtu mzima akumbuke kwamba hajafanya kazi ya ziada, na wengi wao walikuwa wamekaa darasani kwangu. Walikata simu kwa adabu.

Shemeji hakupiga simu. Alikuja mwenyewe.

"Nimesikia," akasema, bado amesimama.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Shemeji, ulinipa alama ngapi?"

"Sikukupa hata moja. Nilitolewa nje."

"Ulitolewa? Nilidhani umetoka mwenyewe kupunga upepo." Hilo lilimuuma kuliko kushindwa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kambare. Nilimwandika."

Alikaa bila kuambiwa tena. "Ulimwandika kambare wangu kwenye karatasi ya serikali?"

"Na jina lako pembeni."

Akageuka kuwaangalia kuku wangu wakidonoa makapi. Niliogopa, maana mume wangu alimpenda sana ndugu huyu, nami sikutaka kumpoteza. Nikamwambia kwamba aliitwa kwenye mahojiano bila msaada wangu, jina lake liliingia kwenye sita bora kwa miaka yake ya ghalani, na kama angekuja bila samaki ningekaa ndani nikamtetea. Nilimwambia pia kwamba samaki alikuwa mtamu. Hakucheka. Aliondoka, na kwa wiki kadhaa tulikutana sokoni tukasalimiana kwa nyusi.

Wakati huo bodi mpya ilikutana. Wanavyosimulia waliokuwepo, yule mama aliuliza maswali hadi pilau ikapoa, na alipoambiwa ajenda inayofuata ni chakula akasema ajenda inayofuata ni kuku. Wajumbe wote, wa ng'ombe na wa miembe, wakapelekwa hadi kwenye tangi, wakainama mmoja mmoja wakachungulia. Kuku akatoka akiwapigia kelele. Inasemekana siku hiyo ndiyo pande zote mbili zilicheka pamoja kwa mara ya kwanza, na umeme wa tangi ukapitishwa wakiwa bado wamesimama pale, kabla mtu hajapata nafasi ya kukumbuka alikuwa upande gani. Mwezi uliofuata yule mama akaweka mtu getini wa kunusa jerikeni. Kisha akaweka mwingine wa kukagua maembe, na gunia langu la kwanza likarudishwa kwa sababu ya alama za mawe. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikaenda kumtafuta shemeji, kwa kuwa yeye ana upondo mrefu wenye wavu wa kuchumia, nikamwomba anisaidie. Alikuja kesho yake. Hatukuzungumzia bodi, alichuma, mimi nikapokea, na tulipomaliza akala wali.

Mara ya mwisho nilimwona yule mama mjini Garsen, kwenye mkahawa wa karibu na stendi, ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari la kutoka Madogo. Nilimkuta na chai ya rangi na kiazi karai kimoja, nami nikaagiza chai. Nilimuuliza hali ya mama yake, akasema ameanza kutembea hadi jikoni. Nikamuuliza kuhusu bodi.

"Wajumbe wawili wameacha kuja," akasema. "Wanasema mikutano imekuwa mirefu."

"Na wewe umechoka?"

"Nimechoka, Mwalimu. Juzi wamenipelekea mbuzi nyumbani, na sijui ni upande gani umemleta. Nimewauliza wote, kila upande unasema ni wa wenzao."

"Umemfanya nini?"

"Nimemleta. Yuko nje, nimemfunga kwenye nguzo. Naomba unionyeshe ofisi ya kaunti iko wapi nikamkabidhi."

Nikanywa chai yangu haraka. Tukatoka, yeye akamfungua mbuzi, mimi nikashika begi lake, tukashika njia ya ofisini.